Mafundi Waliogombana Kichwani mwa Shihabu

Mji wa Mishkati ulitawaliwa na Sultani Ghalibu bin Tufaili, mtu mwenye enzi na haiba na tumbo la heshima, na mwenye kutaka kukohoa akohoe sasa hivi, maana nikishaanza kusimulia sipendi kukatizwa. Sultani huyo alikuwa na majeshi na mabustani na farasi wa kila rangi, lakini fahari ya mji wake haikuwa hayo. Fahari ya Mishkati ilikuwa halua. Na ilikuwako ada katika mji ule, ya tangu na tangu, kwamba mwanamume haozwi mpaka apike kwa mkono wake mwenyewe halua ya harusi yake, mbele ya wakwe na wageni, na ikitoka mbaya kadhi hukunja msala wake akaenda zake, na posa imekufa.

Kwa tajiri na kwa maskini ada ilikuwa moja. Basi watoto wa kiume wa Mishkati walishika mwiko wangali wadogo, wote isipokuwa Shihabu bin Jauhari, mwana wa pekee wa mfanyabiashara wa hariri, ambaye mama yake, Bi Ruzuna, alimkataza jikoni akisema moshi utamharibu macho. Baba akafa, kijana akarithi duka, akakua mzuri wa sura na mwepesi wa maneno, na mikono yake laini haijapata kuwasha hata kuni moja. Na huyo huyo, kati ya vijana wote wa mji, ndiye aliyempenda Thuwaiba binti Sultani. Niambieni kama hiyo si balaa.

Walijuana dukani. Thuwaiba alikuja na yaya wake kununua hariri, akalikataa kila jora alilofunguliwa, na kila akikataa alitoa sababu ya kuchekesha, hata Shihabu akajikuta anafungua majora asiyokusudia kuyauza ili tu aendelee kukataliwa. Akarudi juma lililofuata, na lililofuata, na hakununua hata uzi. Hata mwisho Shihabu akavaa joho lake, akatia udi, akaenda kuposa.

Sultani akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanena: "Ewe Shihabu mwana wa Jauhari, tumeisikia posa yako na hatukuichukia, na nyumba yenu tunaijua kwa wema na amana. Idi ya kuchinja ikipita, utakuja katika ukumbi wetu uipike halua yako mbele yetu. Ikitoka njema, kadhi atasoma hotuba ya ndoa papo hapo. Ikitoka mbaya, siku hiyo hiyo tutaipokea posa ya Hilali mwana wa waziri wetu, ambaye halua yake tumekwisha kuila nasi tunaijua."

"Nimesikia na nimetii, maulana," akajibu Shihabu. "Halua ni jambo dogo."

Jambo dogo! Mtu hajui wanga unakorogwa na maji baridi au ya moto, anasimama mbele ya sultani anasema jambo dogo. Lakini ulimi wa mwenye mapenzi ndivyo ulivyo, huahidi kwanza, halafu mwenyewe akifika nyumbani ndipo anapojua alichokiahidi. Shihabu alifika nyumbani akajilaza kifudifudi.

Sasa, bibi yake mzaa baba alimwachia pete ya akiki nyekundu, akamwambia asiivae ila akiwa na shida. Shihabu akaivaa, na kwa kuwa alikuwa amejawa na wasiwasi akawa anaizungusha kidoleni, anaizungusha, na mara chumba kikajaa moshi wa buluu, na ndani ya moshi akatokea jini mrefu mno hata ikambidi ainame, kichwa chake kisivunje boriti.

"Labeka, bwana wangu, labeka!" akanguruma. "Mimi Barkushi wa Mlima Kafu, mtumishi ya pete. Amri yako ni juu ya kichwa yangu."

Shihabu, pamoja na hofu aliyokuwa nayo, alisikia kwamba Kiswahili cha jini yule kina kasoro. Lakini nani anamsahihisha jini ngeli? Akasema haraka haraka: "Nataka ufundi wa halua, niwe nao kichwani mwangu leo hii!"

Jini akakunja uso. "Wote, bwana wangu?"

"Wote!"

"Hata wa zamani?"

"Hata wa zamani! Wote, wote, usibakishe!"

Na hapo ndipo palipoharibika, na naomba msikilize vizuri. Shihabu alisema ufundi, na Barkushi akasikia mafundi, kwa sababu katika lugha ya Mlima Kafu mambo hayo mawili yana neno moja tu. Na lugha yetu hii ikamsaliti Shihabu, maana ufundi ni wote na mafundi ni wote, ufundi ni wa zamani na mafundi ni wa zamani, kwa hiyo wawili wale waliulizana na kujibiana na kila mmoja akadhani ameelewana na mwenzake.

Barkushi akapiga makofi, na Shihabu akasikia ndani ya kichwa chake mlango umefunguliwa na watu wanaingia.

"Hapa wapi?" sauti nene ikauliza. "Mbona hakuna jiko?"

"Wewe Mbwarali, usinikanyage," akasema mwanamke mzee.

"Bibi Kuruthumu! Kumbe nawe ulikufa?"

"Wewe ulinitangulia. Mimi niliila halua ya matanga yako, na ilikuwa na mabonge."

Na nyuma yao wakaingia wengine, na wengine, wapishi wa halua wa Mishkati tangu mji haujajengwa ukuta, wanasalimiana, wanasukumana, wanaulizana nani kawaita. Shihabu akashika kichwa kwa mikono miwili. "Barkushi! Umefanya nini?"

"Nimeleta wote, bwana wangu," jini akasema kwa furaha. "Wengine nimewaamsha, wamenuna kidogo."

Mwanzoni, msishangae, Shihabu alijiona amepata. Kwa kuwa kila alichouliza alijibiwa, akawa anaweza kuzungumza habari ya halua mchana kutwa, iliki ya wapi ni bora, samli ya nani haichachi. Akaenda kwa Sultani kusalimu, akakaa nje ya pazia ambalo nyuma yake aliketi Thuwaiba na yaya wake, akamweleza binti halua kwa mapana na marefu mpaka yaya akaanza kukoroma. Akarudi nyumbani kifua mbele, akaagiza sufuria kubwa ya shaba iwekwe uani, akashika mwiko.

"Tia maji," akasema Mbwarali.

"Sukari kwanza!" mwingine akapiga kelele.

"Sukari kwanza? Nani kakufundisha wewe? Wanga uliolowekwa, kisha maji!"

"Moto mwingi!" "Moto mdogo!" "Zafarani sasa!" "Akitia zafarani sasa mimi naondoka!" "Ondoka basi, umezuiwa na nani?"

Shihabu akasimama na mwiko hewani, asijue amtii nani. Akatia sukari, akaitoa, akaongeza kuni, akazipunguza, akakoroga kulia, akakoroga kushoto, na kila alilolifanya nusu ya kichwa ilimsifu na nusu ilimtukana. Moshi mweusi ukapanda.

"Shihabu, mwanangu," Bi Ruzuna akaita kutoka chumbani, "nyumba inaungua?"

"La, mama. Napika."

Kilichotoka kwenye sufuria siku ile hata kuku walikikwepa. Shihabu akalia, nami simcheki, maana mtu asiyejua kitu angalau ana raha ya kutojua, lakini yeye alijua kila kitu na mkono wake haukujua chochote. Akaizungusha pete. "Watoe!" akamwambia Barkushi. "Watoe wote!"

Jini akajikuna ndevu. "Siwezi, bwana wangu. Fundi hatoki kwa amri. Anatoka akiridhika."

"Ataridhikaje?"

"Hiyo mimi sijui. Mimi si fundi."

Basi akakaa na kelele zake. Alikula nazo, akaswali nazo, akawa mtu akimwuliza bei ya hariri yeye anajibu habari za lozi. Mpaka asubuhi moja Bibi Kuruthumu, ambaye alikuwa hapigi kelele kama wenzake, akamwambia taratibu: "Mjukuu wangu, hawa waache wabishane. Wewe washa moto."

"Niwashe moto nipike nini?"

"Usipike kitu. Washa tu, uutazame."

Akawasha. Ukawaka mno, akaambiwa azime. Akawasha tena, ukafa. Akawasha kwa makumbi, akawasha kwa kuni kavu na kuni mbichi, akajifunza kuuketisha moto chini ya sufuria usipande kwa hasira wala usilale, na siku zikapita hajagusa hata chembe ya sukari, na kila jioni akijiuliza amejifunza nini hakupata jibu. Kisha asubuhi moja akawasha huku anawaza mambo mengine, moto ukakaa vile unavyotakiwa, na Bibi Kuruthumu akasema, "Haya." Hakusema tena neno lolote, wala siku ile wala baadaye.

Mbwarali naye akasogea mbele. Huyu hakuwa na upole hata kidogo. "Unakoroga hivyo?" akawa anamwambia. "Unakoroga au unampungia mtu mkono? Fika chini! Chini ndiko inakoungulia!" Shihabu akakoroga wanga, akakoroga mabega yakamwaka moto, malengelenge yakatoka viganjani, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Ikaungua, akaosha sufuria, akaanza upya. Ikafanya mabonge, akaosha, akaanza upya. Bi Ruzuna akawa anawapelekea majirani mabaki, na majirani, ambao ni watu wa adabu, wakapokea, halafu wakaanza kufunga milango wakimwona anakuja na sahani.

Hata siku moja Mbwarali alinyamaza katikati ya tusi, na asirudi kulimalizia. Na baada yake akanyamaza yule wa samli, ambaye alimfundisha kuitia kidogo kidogo na kungoja inywewe, na yule wa zafarani, na wale ndugu wawili waliokuwa wakigombania iliki. Kila mmoja alimshughulisha, akamchosha, akamkatisha tamaa, kisha siku ambayo Shihabu hakuitarajia akatoweka.

Mngedhani Shihabu alifurahi. Wapi! Yeye alishikwa na hofu. Kwani alijiona hivi: zamani nilijua kila kitu, kichwa kilijaa mafundi, ukiniuliza nakujibu; sasa ukiniuliza zafarani inatiwa lini, naanza kubabaika, nasema, basi tu, inatiwa inapotiwa. Akaona anakuwa mjinga siku hadi siku. Na kwa upande mwingine majirani walianza kubisha hodi wenyewe wakiwa na sahani mkononi, na Shihabu, masikini, akadhani mji umeingiwa na njaa.

Alibaki mmoja tu, Fundi Hamdani, mzee ambaye kazi yake ilikuwa kujua wakati wa kuepua. Huyu hakuwa na maneno. Halua ilipokaribia alikuwa anaguna tu, na kwa mguno wake Shihabu alijua aepue au angoje. Basi siku moja kabla ya siku ya miadi, Shihabu akapika, akafika mwisho, akategea sikio. Kimya. Akangoja. Kimya. Akaepua kwa kubahatisha tu, asithubutu hata kuionja, akaenda kuizungusha pete kwa ghadhabu.

"Mwizi wewe! Umeniibia mafundi wangu!"

Barkushi akatoa macho. "Mimi, bwana wangu? Wallahi sijagusa hata mmoja."

"Wako wapi basi?"

"Sijui. Sisi majini tunazaliwa tunajua tunachokijua, na tusichokijua hatukijui mpaka mwisho wa dunia. Sijawahi kujifunza kitu mimi. Nilidhani wewe utanieleza inakuwaje."

Shihabu akakimbia mpaka kwa Sultani, akaomba kusema na Thuwaiba nyuma ya pazia yaya akiwapo, akamwambia ukweli wote, pete na jini na mafundi, akamaliza kwa kusema: "Mwana wa watu, nisamehe. Nimesahau kila kitu. Kesho nitakuaibisha na utaolewa na Hilali."

Thuwaiba akasema kwa hasira, na sauti yake ilikuwa na machozi ndani yake: "Mimi sikuelewi, Shihabu. Siku ile ulikaa hapo ukanieleza halua mpaka yaya akakoroma, nikarudi chumbani nikalia, nikajua nimekwisha, mtu huyu hajui kitu. Leo umekuja unalia hujui kitu, na harufu ya iliki imetangulia kuingia kabla yako. Nani nimwamini, wewe au pua yangu?"

"Usiniamini mimi."

"Basi nenda kalale. Simtaki Hilali, unasikia? Simtaki. Kalale."

Siku ikawadia. Ukumbi ukajaa masheikh na wafanyabiashara na mawaziri, Hilali akakaa mbele katika kanzu ya kung'aa, kadhi akatandika msala, na nyuma ya pazia wakakaa wanawake, na Thuwaiba kati yao. Sufuria ya shaba ikawekwa katikati. Na katika ada ile, wageni wana ruhusa ya kusema watakacho ili kumjaribu mpishi, nao hawakumwonea huruma.

"Moto huo mkubwa!"

"Moto gani, huo umekufa!"

"Sukari hiyo ya kumpa nani, sisimizi?"

"Koroga, bwana harusi, au umechoka kabla ya ndoa?"

Ukumbi ukacheka. Shihabu aliyasikia yote, na ajabu ni kwamba hayakumwingia. Kichwa chake kilikuwa kitupu na yeye mwenyewe alikuwa amejaa woga, akijiambia sasa nitakosea, sasa nitakosea, na huku mikono ikiendelea na kazi yake, inatia, inakoroga, inafika chini, inangoja samli inywewe, inaongeza. Hakuelewa. Alikuwa anaitazama mikono yake jinsi mtu anavyotazama wageni waliofika kwake bila taarifa.

Halua ikaiva rangi, ikang'aa, ikaanza kuachana na sufuria, na harufu ikapanda mpaka walinzi wa mlangoni wakageuza shingo. Kelele zikatulia. Na Sultani Ghalibu, aliyekuwa mlaji mkubwa na mjuzi wa halua kuliko watu wote waliokuwamo, akainua mkono wake wenye pete akasema kwa sauti ya kutawala: "Imeiva. Epua."

Mwiko ukaendelea kukoroga.

"Epua, tumesema."

"Bado, maulana," akasema Shihabu.

Lo! Waziri akamtazama Hilali, Hilali akatabasamu. Nyuma ya pazia kitu kikaanguka, nadhani ni tasa. Na aliyeshtuka kuliko wote ni Shihabu mwenyewe, maana neno lilikwisha kumtoka wala hakujua limetoka wapi.

Sultani akasema polepole: "Umesema nini, ewe mwana wa Jauhari? Sisi tumekula halua kabla mama yako hajaolewa. Tunakwambia imeiva, nawe unatuambia bado. Unajua unachokipoteza hapa?"

Shihabu alijua. Akimtii Sultani, hakuna atakayemlaumu. Ikitoka mbaya, atasema maulana aliamuru. Asipomtii, na ikaungua, amempoteza Thuwaiba na heshima yake na pengine shingo yake pia. Akatafuta kichwani mtu wa kumwuliza, hata mmoja, hata wa kuguna. Hapakuwa na mtu.

"Maulana," akasema, "mimi sina ujuzi wa kukubishia. Lakini mwiko unaniambia bado, na nikiepua sasa nitakuwa nimekulisha kitu nisichokiamini. Naomba radhi yako."

Akakoroga. Halua ikazunguka, ikazunguka, kijasho cha samli kikatoka pembeni, uzito ukapanda kwenye mwiko mpaka kwenye kiwiko, na Shihabu, bila kujua ni kwa nini wakati huo na si mwingine, akasema "Sasa," akaiepua.

Ikapelekwa sahani kwa Sultani. Akamega, akatia kinywani, akafumba macho. Akamega tena. Waziri akainama kumwuliza, akasukumwa kwa kiwiko. Sultani akamega mara nyingine, kisha akafumbua macho akamtazama Shihabu kwa muda mrefu.

"Ulijuaje?"

"Wallahi, maulana, sijui."

"Tulikosea sisi?"

Shihabu akautazama mwiko wake. Sultani akafuta vidole, akasema: "Hilali alipotupikia tuliamuru aepue, naye akaepua, tukala, ikawa nzuri, na tangu siku ile hatukujua tumekula halua yake au yetu. Kadhi, fanya kazi yako."

Kadhi akasimama, akasogea karibu na pazia kumwuliza bibi harusi idhini yake, kama sheria inavyotaka: "Ewe Thuwaiba binti Ghalibu, umeridhia kuozwa na Shihabu bin Jauhari?" Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akauliza mara ya tatu, na watu wakaanza kunong'onezana, na Shihabu akahisi roho inamtoka, ndipo yaya akachungulia nje ya pazia akasema: "Kadhi, tuvumilie. Sahani ililetwa huku, na mdomo wake umejaa."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea, na idhini ikachukuliwa hivyo hivyo, maana kadhi alisema hajapata kuona ridhaa iliyo wazi kuliko ile. Wakaoana, wakakaa kwa raha na utajiri na watoto, na watu wakaja kwa Shihabu kutoka miji ya mbali kumwomba awafundishe. Barkushi aliachwa huru akakataa kwenda. Alisema anataka kujifunza kitu kimoja tu kabla hajarudi kwao, na nasikia bado anaosha sufuria.

Nikiulizwa mafunzo ya hekaya hii, nasema hivi: mwenye kujifunza jambo kwa muda mrefu asiogope siku atakapojiona hajui tena. Ashikilie kazi yake, asiondoke jikoni, huenda ndiyo siku amejua. Wale mafundi walikwenda wapi, msiniulize mimi, wala Shihabu mpaka anazeeka hakujua. Waliohudhuria walikula wakashiba, na mimi nilifika wakati sahani zinakusanywa, nikaambulia maneno haya tu, nayo nimewagawieni yote.